Nota za mtunzi, sauti za kwaya: Wimbo mpya ni wa nani?

*Kabla wimbo mpya haujafika kanisani, hupita vinywani mwa watu wengi, na wengi wao huubadilisha. Kwenye karatasi hubaki jina moja.*

Sauti ya kwanza imekwama kwenye herufi moja. Ubaoni mwalimu wa kwaya ameandika nota za wimbo mpya alioutunga mwenyewe: do ni F, mapigo matatu. Katika mstari wa pili wa kiitikio kuna maneno "kila mtu aimbe", na "m" ya "mtu" imepewa mapigo mawili mazima.

Kwa kanuni za lugha, mtunzi hakukosea. Mkazo wa neno "mtu" uko hapo hapo kwenye "m", na nota ndefu imewekwa mahali pa mkazo. Lakini waimbaji wakifika pale wanafunga midomo, mlio unaingia puani, na mahali ambapo mtunzi alisikia kilele, ukumbi wa parokia unapata mngurumo.

Wanarudia. Kina mama wawili wa mstari wa mbele wanachomeka "u" nyembamba, "mu-tu", kama wanavyotamka watu wa Lubumbashi, na sauti inafunguka. Wenzao wanawageukia: hapa hatusemi hivyo. Mara ya tatu besi, waliokuwa wamepewa nota moja tu ya kuvuta, wanaanza kurudia "kila, kila" huko chini bila kuagizwa na mtu. Mngurumo unafunikwa. Sauti ya kwanza wanaikata "m" kwa pigo moja, wanatua kwenye "tu" na kusonga mbele.

Mwalimu anashika dasta, anafuta kipimo kizima, na kuandika alichokisikia kutoka kwa besi.

Wimbo huo ukikamilika utachapwa kwa kompyuta, utapigwa picha na kusambaa kwa WhatsApp hadi kwenye kwaya za mikoa ambayo mwalimu huyo hajawahi kukanyaga. Juu ya karatasi patasomeka jina la mtunzi mmoja. Besi hawatatajwa popote.

Hili halizungumzwi sana, kwa kuwa wanaolijua wamelizoea. Ni la kila juma, katika kila kwaya inayopokea wimbo mpya. Nami naamini ni suala la haki, si la adabu tu ya mazoezini: wimbo wa kwaya haukamiliki mezani kwa mtunzi, na wanaoukamilisha wanastahili kuandikwa.

Herufi saba

Karatasi imepataje nguvu kubwa kiasi hiki katika kwaya zetu? Chanzo kiko Uingereza ya karne ya 19. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, alibuni njia ya kufundisha uimbaji kwa silabi. Mchungaji John Curwen akaichukua, akairekebisha na kuieneza. Wamisionari wakaibeba hadi Afrika, na huku tukaiita solfa, au nota tu: d, r, m, f, s, l, t.

Ilikuwa zawadi kubwa. Solfa haidai karatasi ya mistari mitano wala kinanda, ubao na chaki vinatosha. Mtu asiye na ala yoyote nyumbani anaweza kutunga misa nzima nyuma ya daftari la mwanawe, na mtu wa wilaya nyingine akaiimba kama ilivyokusudiwa bila wawili hao kuonana. Bila herufi hizo saba tusingekuwa na maelfu ya nyimbo za Kiswahili zinazoimbwa Jumapili kutoka Mombasa hadi Mbeya, na nyingine zilizohifadhiwa sasa katika maktaba za mtandaoni kama Swahili Music Notes.

Lakini herufi hizo zina mipaka. Zinashika kimo cha sauti na urefu wa pigo. Hazishiki namna sauti ya pili wanavyoteleza kuifikia nota badala ya kuiruka, wala kigelegele kinachoingia mahali pake hasa, wala mkono wa mpiga ngoma unaochelewa nusu ya nusu kwa makusudi. Mambo hayo huzaliwa mazoezini. Na kwa kuwa hayana herufi ya kuyaandika, huonekana hayana mwenyewe.

> Mambo hayo huzaliwa mazoezini. Na kwa kuwa hayana herufi ya kuyaandika, huonekana hayana mwenyewe.

Lugha nayo inadai

Kuna kazi moja ambayo wanakwaya huifanya bila wenyewe kujua kwamba ni utunzi. Mkazo wa Kiswahili huangukia, karibu wakati wote, silabi ya pili kutoka mwisho. Vitenzi vyetu huanza na msururu wa silabi nyepesi, za nafsi, za wakati, ndipo uzito ufike. Chukua "tumekusanyika": silabi nne zinapita kabla ya kugusa mkazo. Mtunzi akiikalisha "tu" kwenye pigo zito, neno zima linapinda.

Nyimbo za zamani zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zimejaa mipindo ya aina hiyo. Tuni ilikuwapo kwanza, maneno yakasukumizwa ndani yake. Tumekua nazo tangu utotoni, masikio yetu yamekwisha kuzisamehe. Lakini wimbo unaotungwa leo, kwa Kiswahili, na Mswahili, hauna sababu ya kuomba msamaha huo.

Kasoro hizi hazionekani mtunzi anapoimba peke yake chumbani. Ubeti wa kwanza aliutunga pamoja na tuni, kwa hiyo unakaa sawa. Ubeti wa tatu una silabi moja zaidi, na hapo ndipo kwaya hukwaa. Utaona tena, yaani sauti ya tatu, wanaivunja nota moja kuwa mbili bila kushauriana. Sauti ya kwanza wakikuta nota ya juu kabisa imewekewa "i" au "u", koo linabana, na baada ya majaribio machache mmoja wao atabadilisha mpangilio wa maneno ili kileleni pakae "a". Mwalimu mwenye masikio huandika haraka. Asiye na masikio huwaambia wamekosea.

Nimewasikiliza walimu wa aina zote mbili. Wimbo wa yule wa kwanza hudumu, kwa sababu umekwisha kupimwa na vinywa vilevile vitakavyoubeba.

Kamina, 1958

Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa ukubwa wake wote kilitokea Kamina, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya soko na mtaa huku Kiluba kikisemwa nyumbani.

Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Antwerp, alifika huko mwaka 1953. Akaunda kwaya iliyopewa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji: wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14, na walimu wapatao 15 wa shule ya Kamina. Pamoja nao akatayarisha misa iliyokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Missa Luba. Iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958.

Maneno yalikuwa ya Kilatini, yaleyale ya misa iliyosaliwa kote ulimwenguni wakati huo. Muziki haukuanza kwa karatasi. Waliuimba hadi ukatokea. Padri alikuja na maneno na sikio lake, waimbaji wakaja na kile walichokijua: kasala, yaani uimbaji wa sifa na maombolezo wa Waluba, wimbo wa kuagana, wimbo wa watu wa Bena Lulua, midundo ya ngoma za eneo la Kasai. Sehemu moja ikijaribiwa, mwimbaji kiongozi anatupa mstari, wengine wanaudaka na kuuzunguka kwa sauti zao. Kinachokaa kinabaki.

Sikiliza Kanuni ya Imani ya misa hiyo inapofika kwenye kusulubiwa kwa Kristo. Ngoma zinapiga mdundo ambao Waluba waliutumia kutangaza kifo, kisha mwimbaji mmoja anaingia na kasala. Msikilizaji wa Kamina hakuhitaji kufasiriwa Kilatini. Alijua kuna msiba, na alijua ni msiba wa mtu mkubwa.

Aliyeimba kasala hiyo anajulikana: Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ya Kamina. Jina lake tunalo kwa sababu liliandikwa kwenye maelezo yaliyoambatana na muziki huo. Nota za misa hiyo zilipochapwa baadaye Marekani, jina lililosimama juu lilikuwa la Haazen kama mpangaji.

Sisemi padri huyo aliiba. Bila yeye kwaya isingekuwapo, na kuruhusu ngoma za Waluba kuibeba misa ya Kilatini miaka minne kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafunguliwa kulihitaji moyo mkubwa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyechagua mahali pa kuweka tangazo la msiba, na mtu aliyeliimba, wote walikuwa wanatunga.

> Mtu aliyechagua mahali pa kuweka tangazo la msiba, na mtu aliyeliimba, wote walikuwa wanatunga.

"Imba kilichoandikwa"

Wako wanaopinga mtazamo huu, na hoja zao si nyepesi.

Ya kwanza ni ya umoja. Kwaya za parokia nyingi hukutanishwa kwenye upadrisho, jubilei na sikukuu za jimbo. Mamia ya watu wanasimama pamoja baada ya mazoezi ya pamoja mara chache tu. Kila kwaya ikija na "kila, kila" yake ya besi, wimbo unasambaratika mbele ya askofu. Karatasi ndiyo inayowaokoa.

Ya pili ni ya imani. Katika Kanisa Katoliki wimbo wa liturujia unatakiwa kukaguliwa, na neno linalotumika Tanzania ni ithibati. Wakaguzi wanasoma maneno na nota zilizo mbele yao. Kwaya ikibadilisha neno moja ili sauti ya kwanza wapumue, inaweza kuwa imegusa fundisho bila kujua. Hapo mtunzi ana haki ya kusema hapana.

Ya tatu ni hoja ya heshima, na ndiyo inayonigusa zaidi. Watunzi wengi wa kwaya hawalipwi. Wanatunga usiku baada ya kazi nyingine, wanagawa nota bure, kisha wanasikia wimbo wao redioni ukiwa na maneno yaliyogeuzwa na jina lisilo lao. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba wimbo ni wa wote ni kumnyang'anya kitu pekee alichobakiwa nacho.

Zaidi ya hapo, kuna kazi ambazo hazizaliwi kwa kuchangiana. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Kazi ndefu kama hiyo, yenye visa vinavyofuatana na sauti zinazojibizana kwa mpango, inadai akili moja iliyokaa nayo muda mrefu.

Lakini upande huo unapofika kwenye kanuni za upatanifu wa sauti, nguvu yake inapungua. Vitabu vya nadharia tulivyoachiwa vinakataza sauti mbili kutembea pamoja kwa umbali wa nota tano. Nenda Dodoma ukasikilize Wagogo: sauti zao zinatembea sambamba kwa nne na kwa tano, na hakuna anayeweza kusema kwa dhati kwamba hawajui kuimba. Mwanakwaya aliyekulia huko akiweka sauti yake ya pili kwa njia hiyo, kisha mwalimu akaifuta kwa kuwa kitabu kimekataza, kilichofutwa si kosa.

Jambo hili lilikwisha kuonwa zamani. Mwaka 1963 padri wa Kitanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu *Church Law and Bantu Music*, akichunguza jinsi sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu vinavyoweza kukutana. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso ukatoa hati ya liturujia, ikiagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake. Kwa hiyo anayetetea sikio la mwanakwaya hatetei uasi.

Sheria inasimama wapi

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Zote mbili zinamtambua mtunzi, na zote zinamtambua mwimbaji kwa kile alichokiimba kikarekodiwa. Zinakubali pia kwamba kazi moja inaweza kuwa na watunzi zaidi ya mmoja.

Kati ya mtunzi na mwimbaji pana nafasi, na mazoezi yameangukia humo. Besi aliyebuni kipande hawezi kudai utunzi ikiwa hakuna maandishi yanayoonyesha alichangia nini na lini. Uongozi wa kwaya hauna kumbukumbu. Mwalimu mwenyewe, baada ya miaka mitatu, hakumbuki tena ni kipimo kipi alichoandika nyumbani na kipi kilichotoka ukumbini.

Wimbo ukibaki wa Jumapili, hakuna anayeumia. Shida huja video inapowekwa YouTube na kuanza kuingiza fedha. Hapo mtunzi anasema ni wake, kwaya inasema bila sisi usingesikika, na studio ina mkataba wake mkononi. Kwaya zimegawanyika kwa magomvi ya namna hii, watu waliosali pamoja miaka mingi wakaacha kusalimiana.

Tuna mifano ya namna nyingine za kuandika majina. "Mfurahini, Haleluya", wimbo wa Pasaka unaoimbwa sasa katika makanisa ya nchi nyingi, una maneno ya mchungaji Bernard Kyamanywa, naye ametajwa. Tuni ni ya Wahaya, nao wametajwa kama jamii. Ulienea kupitia mkusanyo wa *Tumshangilie Mungu* ulioandaliwa na Howard Olson wa chuo cha theolojia cha Makumira. Kenya, tume ya watu watano iliyotayarisha wimbo wa taifa mwaka 1963 ilichukua tuni ya kubembelezea watoto ya Wapokomo wa Mto Tana, na asili hiyo inafundishwa hadi leo.

Kutaja kabila ni bora kuliko kunyamaza. Ila kabila haliimbi. Aliyeimba ni mtu, kwa siku fulani, mbele ya aliyeandika.

Daftari moja

Ninalopendekeza halihitaji kusubiri bunge. Kila kwaya iwe na daftari la nyimbo mpya. Mtunzi akileta wimbo, nakala ya kwanza ibandikwe humo jinsi alivyoileta, na tarehe. Baada ya kila zoezi katibu aandike kilichobadilika: kipimo kipi, sauti ipi, wazo la nani, mtunzi alikubali au alikataa. Mtunzi abaki na neno la mwisho, na hilo nalo liandikwe.

Wimbo ukichapwa, chini ya jina la mtunzi uongezwe mstari mmoja: uliimbwa kwanza na kwaya fulani, mwaka fulani, na vipande fulani vimetokana na waimbaji wafuatao. Mstari huo hauondoi hakimiliki ya mtu, wala hauvunji ithibati, kwa kuwa kinachopelekwa kukaguliwa ni nakala ya mwisho. Kwaya za mikoani zitakazoupokea zitajua pia mahali ambapo wimbo unaruhusu kupanuliwa na mahali ambapo unatakiwa kuachwa ulivyo.

Watunzi nao walete kazi mapema zaidi. Wengi huleta wimbo ukiwa umekamilika sauti zote nne, beti zote, hadi kipande cha kinanda cha kuingilia. Hapo mwanakwaya anaweza tu kurekebisha au kukosea. Ukija na kiitikio na sauti ya kwanza pekee, ukawaachia besi jioni moja waitafute njia yao, utapata besi ambayo kidole cha mpiga kinanda kisingeigusa.

Nimeulizwa na mwalimu mmoja ninayemheshimu kwa nini kujisumbua hivyo kwa wimbo ambao pengine utaimbwa majuma sita na kusahaulika. Kamina mwaka 1958 hapakuwa na aliyejua misa yao ingefika wapi. Mwaka huohuo waliizungusha Ulaya. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini aliitumia Gloria yake katika filamu juu ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Lindsay Anderson akaitumia Sanctus katika *if....*, filamu iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka uliofuata. Zaidi ya miaka 30 baada ya Kamina, Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya.

Haazen alifariki mwaka 2004. Katika nchi za Umoja wa Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwenye kazi, kwa hiyo mpangilio wenye jina lake utalindwa hadi mwisho wa mwaka 2074. Mvulana aliyekuwa na miaka 9 alipoimba katika kwaya ile angekuwa, mwaka huo, na umri wa miaka 125.